Kwanini Tukuyu haina wageni wakati kila kitu kipo? Waliofika waje hapa

#1 MsafiriWaKosta
Habari za humu wakuu. Nimerudi juzi kutoka Tukuyu, wilaya ya Rungwe kule Mbeya. Nilienda kutembea tu, sina ndugu kule, sikuwa na msiba wala semina, na kila niliyekutana naye swali lilikuwa hilohilo, "umekuja kwa nani?" Nikisema nimekuja kuuona mji wanacheka kwa upole halafu wananiuliza tena.

Sasa naleta swali kwenu. Huu mji uko kama kilomita 70 tu kutoka Mbeya mjini, lami mwanzo mwisho, baridi safi, mlima Rungwe unauona ukiwa dirishani wingu likifunguka, mashamba ya chai mpaka jicho linachoka na migomba imezunguka nyumba mpaka bati huoni. Ziwa Ngosi lipo, Daraja la Mungu lipo, maporomoko ya Kaporogwe yapo, Ziwa Masoko lipo. Gesti niliyolala tulikuwa wageni wawili, mwenzangu alikuja kununua parachichi. Lushoto watu wanajaa, Karatu ndo usiseme. Tukuyu kwanini hapana? Mimi nasema ni uzembe wa kujitangaza, na nitabaki hapo mpaka mtu aniletee sababu nyingine ya maana.

#2 MwanaKiwira
Ndaga fijo mkuu kwa kututembelea. Sababu iko wazi, ni mvua. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, Dodoma hawafiki hata 700. Kuanzia Novemba mpaka Mei hakuna mtalii wa kukaa na mwavuli wiki nzima anasubiri mlima ufunguke. Juni na Julai mvua inapungua lakini baridi na ukungu vinaingia. Unabaki na Agosti mpaka Oktoba hapo. Mwenye hoteli atakula nini miezi mingine?

#3 Bwana Shamba Mstaafu
Mleta uzi umefanya vizuri kwenda bila shughuli, watu wa kizazi chenu mnaogopa mji usiokuwa na shughuli.

Ila MwanaKiwira hapo juu, mvua ndiyo iliyoleta kila alichokisifu huyu kijana. Ziwa Nyasa liko kusini kwenu, hewa yenye unyevu inapanda kutoka ziwani inakutana na Rungwe, Uporoto na Livingstone, haina pa kutokea, inamwaga palepale. Ongeza udongo wa volkano. Ndo maana mgomba wa kule unazaa bila mbolea ya dukani, samadi ya ng'ombe mmoja wa maziwa bandani inatosha. Nimefanya kazi huko miaka mingi, nimeona familia inaishi kwa eka moja na nusu: juu chai, katikati migomba na kahawa chini yake, maharage yanapita humohumo, pembeni majani ya ng'ombe, na sasa parachichi zimeingia mpakani. Eka moja na nusu watoto wanasoma. Hilo mgeni akilielezwa vizuri shambani anaondoka ameona kitu kikubwa kuliko simba amelala.

#4 Pwani_Mchana
Kuna mtu wa kweli anaacha bahari anaenda kuangalia migomba kwenye ukungu? Nauliza tu jamani msinipige.

#5 Mama Hass
@Pwani_Mchana njoo Julai uone baridi inavyokufundisha adabu 😂 utaomba blanketi la pili saa kumi na mbili jioni.

#6 Dereva wa Usiku
Mimi naendesha gari kubwa Dar mpaka Kasumulu mpakani na Malawi, hiyo barabara naijua kona kwa kona. Sababu ya kweli hamjaitaja. Tukuyu ni mji wa kupita. Ukitoka Uyole unapanda Uporoto, Isongole unanunua viazi na kabichi, Kiwira unanunua ndizi dirishani, halafu unashuka moja kwa moja Kyela kwenye joto, mchele na samaki. Mji wenyewe umekaa juu kidogo ya barabara, abiria wa Kyela hata haangalii. Sisi madereva tunapumzika Uyole au tunafika kabisa mpakani. Mji ambao gari halilali mgeni naye halali. Hiyo ndo sheria ya barabara.

#7 MsafiriWaKosta
@Dereva wa Usiku hii nimeipenda, lakini mbona Korogwe na Makambako magari yanalala na watalii hawapo?

#8 Dereva wa Usiku
Makambako kuna nini cha kuangalia mkuu, upepo? 😂

#9 Mtu wa Makambako
Nimeiona hiyo. Naipita kimyakimya.

#10 Karani wa Boma
Wakuu mnazungumzia juzi, hili jambo ni la zamani. Tukuyu ilikuwa mji mkubwa kabla Mbeya haijawepo. Wajerumani waliiita Neu Langenburg, ilikuwa makao yao kwa eneo lote hili la kusini magharibi. Mei 1916 Waingereza kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) walivuka mpaka chini ya Jenerali Northey wakaichukua, na Tukuyu ikaendelea kuwa makao. Dhahabu ya Lupa ilipoanza kuvuta watu miaka ya 1920 Mbeya ikajengwa, ofisi zikahamia huko. Halafu reli ya TAZARA ikapita Mbeya kwenda Tunduma, ikafunguliwa miaka ya 70. Halafu uwanja wa ndege wa Songwe 2012, nao upande wa pili wa Mbeya. Kila kitu kinachobeba mgeni kinaishia Mbeya. Mleta mada anasema kujitangaza, utamtangazia nani wakati treni na ndege zote zinamshusha mtu sehemu nyingine?

#11 JiweLaMoto
Nimesoma jiolojia, hapo kwenye Daraja la Mungu naomba nimwage kidogo maana watu wengi wanaelezwa vibaya pale darajani. Kuna wanaosema ujiuji wa volkano ulipita juu ya mto Kiwira ukapoa kabla haujafika chini, ukabaki daraja. Wengine tunasema lava ilijaza bonde lote, mto ukatafuta njia kwenye tabaka laini chini ya tabaka gumu, ukala pole pole mpaka ukatoboa. Mimi niko upande wa maji. Nenda pale Kijungu, mto huohuo Kiwira, uone maji yanavyozama ndani ya mwamba kwenye tundu la duara yanatokea mbele. Hapo mto unakuonyesha ulivyofanya darajani.

#12 Binti Rungwe
@JiweLaMoto babu yangu alikuwa anasema daraja lile ni la Mungu na mtu asiulize zaidi 😅 Ila kweli Kijungu inatisha. Simameni mbali na ukingo, jiwe lina ute wa maji wakati wote na hakuna kamba.

Na kwenda Kijungu mnapita Chuo cha Magereza Kiwira, mjue hilo kabla hamjafika getini na kamera shingoni. Unasalimia, unajieleza, unasubiri. Sijawahi kunyimwa ila lazima ujieleze.

#13 Mwongozo_Kusini
Binti Rungwe ndo amegusa penyewe. Natembeza wageni wachache wanaotoka Ruaha wanaelekea Malawi, naongea kwa kazi yangu. Tatizo la Tukuyu ni kwamba kila kivutio kina mwenye wake. Msitu wa Mlima Rungwe uko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kibali chake. Kijungu magereza. Masoko pale ziwani jengo la Mjerumani lilifanywa mahakama, unaingia eneo la mahakama. Kaporogwe unapita mashamba ya watu, unaongea na kijiji. Misheni ya Rungwe ya Wamoraviani, ile ya 1891, unaongea na kanisa. Ngosi kuna mlango wake na vijana wake wa kuongoza. Mgeni ana siku mbili, nusu ya muda anaishia kuandika jina kwenye vitabu tofauti. Arusha unalipa sehemu moja unaingia Ngorongoro basi. Siku kukiwa na ofisi moja Tukuyu mjini inayotoa vibali vyote mtaona kama mvua ni tatizo.

#14 MwanaKiwira
Bado nasema mvua 😂 hiyo ofisi moja nayo itavuja.

#15 Mama Hass
Mimi ni mkulima Busokelo, sasa nisikilizeni. Nyie mnaliona kama tatizo, Tukuyu haina wageni, masikini Tukuyu. Nani kawaambia tunawasubiri? Saa kumi na moja alfajiri nakamua, kijana wa baiskeli anapita kuchukua maziwa, nikimaliza nachuma chai na chai haisubiri, jani likipita umri kiwanda hakilichukui. Jumamosi msiba, Jumapili kanisa. Parachichi ikifika msimu mnunuzi anataka tunda lichumwe na kikonyo chake, lisidondoke, lisichubuke, kila tunda nalishika kwa mkono wangu. Nitamtembeza mzungu saa ngapi? Mji wa kilimo ukiona umetulia mchana jua watu wako shamba. Msije mkatuletea mambo ya kuvaa majani ya mgomba tucheze ngoma mbele ya basi.

#16 Bwana Shamba Mstaafu
Mama Hass umesema kweli, na huyo ng'ombe unayemkamua alfajiri nadhani unajua historia yake. Wengi walianza na kopa ng'ombe lipa ng'ombe, unapewa mtamba, ndama wake jike wa kwanza unampa jirani. Ukipita kijijini leo unaweza kufuata ukoo wa ng'ombe nyumba kwa nyumba. Ningekuwa naongoza wageni ningewapitisha njia hiyo.

Lakini hilo la wageni naomba nikupinge kidogo. Kijana asiyekuwa na eka anafanya nini? Shamba halikui, watoto wanakua. Yule angeweza kuongoza watu Ngosi.

#17 Mama Hass
Hapo nakuelewa tata. Vijana kweli wanaondoka. Wa kwangu yuko Dar anauza ndizi tunazompelekea, Mabibo pale Mahakama ya Ndizi.

#18 Mhaya Asilia
Samahani, kuna mtu ametaja ndizi? Nasikia Tukuyu mnaita zile ni ndizi. Njooni Bukoba tuwaonyeshe.

#19 MwanaKiwira
Nilijua mtakuja 😂😂 mkishamaliza kuhesabu digrii mje na Kiwira sokoni siku ya kupakia. Fuso linaletwa, chini wanatandika majani makavu ya mgomba, wapakiaji wanapokea mkungu mmoja mmoja begani, wanausimamisha, wanabana na majani, safu juu ya safu mpaka juu ya bodi, halafu wanafunika tena majani ndo turubai. Inakata kilomita mia nane na zaidi mpaka Dar na chane haijavunjika. Bukoba zenu zinafika Dar?

#20 Mhaya Asilia
Sisi hatuuzi, tunakula. Mnyauko wa migomba ulipotuingilia Kagera miaka ya 2000 tulilia kama tumefiwa, nyie huku mngetafuta tu zao lingine.

#21 Binti Rungwe
Hapana kaka yangu hapo umekosea. Mbalaga na maharage ndo chakula kwetu, mgeni akiingia nyumbani bila kupewa ndizi hajakaribishwa. Nyie mnapondaponda, sisi inabaki nzima kwenye sufuria na karanga juu yake au maziwa mgando pembeni. Mleta uzi ulikula wapi?

#22 MsafiriWaKosta
@Binti Rungwe mama ntilie wa nyuma ya soko, ana meza mbili na jiko la kuni. Ndizi na maharage, akaniwekea na parachichi nusu bila kuomba, nikadhani atanidai, kumbe ni kawaida. Chai ya maziwa mazito. Mvua ilianza tukiwa tunakula, hakuna aliyesimama, watu walisogeza tu viti ndani kidogo wakaendelea na stori za bei ya viazi.

Turudi kwenye mada. Naona sababu ya vibali ina nguvu kuliko ya mvua. Kujitangaza siiachi lakini. Kipunji je? Nyani wa aina ya peke yake duniani, anaishi mlima ule, na mtu wa Tukuyu mjini nikimuuliza hajui.

#23 JiweLaMoto
Kipunji anaitwa nyani kimakosa, ni kima wa jamii yake mwenyewe. Wanasayansi walimtangaza 2005, mwaka uliofuata wakampa jenasi mpya kabisa, Rungwecebus, jina la mlima wenu. Jenasi mpya ya kima Afrika ilikuwa haijatokea tangu 1923. Na mnyama huyo yuko Rungwe, msitu wa Livingstone upande wa Kitulo, na Udzungwa. Kwingine hayupo.

#24 Bwana Shamba Mstaafu
Na wawindaji wa mlimani walikuwa wanamjua kwa jina siku zote. Watafiti walianza kwa kusikia kutoka kwao. Hilo liandikwe pia.

#25 Mwongozo_Kusini
Kumuona kipunji usimuahidi mgeni. Msitu mzito, wako wachache, wanakaa juu ya miti. Niliwahi kupeleka mtu alikaa mpaka giza, akasikia sauti tu. Mwenye haraka mpeleke Kitulo wakati wa maua, Desemba mpaka Aprili, kwa njia ya Isyonje, hifadhi tangu 2005. Ila gari iwe na miguu, ile njia wakati wa mvua haina utani.

#26 Pwani_Mchana
Ok mmenishawishi kidogo. Ngosi kuna nini hasa? Nimesikia ziwa linabadilika rangi na kuna joka.

#27 Binti Rungwe
Joka niachieni wazee. Tulivyosimuliwa, watu wa zamani walitupa mawe ya moto ziwani kumtoa kiumbe. Linabadilika rangi kweli, mara kijani kibichi mara bluu, inategemea umelikuta na wingu gani.

#28 JiweLaMoto
Rangi wengine wanasema wingu, wengine mwani, mimi naangalia chini zaidi. Ngosi ni kreta, chini yake kuna joto, serikali yenyewe inatafuta umeme wa jotoardhi pale. Gesi na chumvi kutoka chini vinaingia majini. Vyote vitatu vinaweza kuwa vinafanya kazi pamoja.

#29 Dereva wa Usiku
Njia ya Ngosi unashukia Mchangani pale Isongole, unapanda bodaboda mpaka msitu unapoanza, halafu mguu. Mlima unateleza, vaa kiatu chenye meno. Nilipanda na turnboy wangu siku gari limeharibika tunasubiri spea, unafika ukingoni hewa nyembamba unaona maji chini kabisa na hakuna hata mtumbwi. Ukimya wa kule masikio yanalia.

#30 Karani wa Boma
Pwani_Mchana ukifika huko malizia Masoko. Kuna sarafu za Mjerumani, heller na rupia, watu wanaziokota ufukweni mpaka leo na vijana watakuletea za kununua. Stori moja inasema Wajerumani walimwaga hazina ziwani 1916 Waingereza wasiipate. Wengine wanasema ni mishahara ya askari wa kambi iliyokuwa pale Kisiba iliyotupwa haikuwa na thamani tena. Kuna mzee aliniambia zilitupwa na wenyeji kwa sababu hawakutaka hela ya mtu aliyeshindwa.

#31 Mwongozo_Kusini
Kwa kuongezea, msinunue hizo sarafu jamani. Zikiisha ziwani hatutakuwa na cha kuonyesha.

#32 MwanaKiwira
Kijana amepata hela ya daftari kwa sarafu moja, unamwambia mgeni asinunue? Kwani hiyo si ndo utalii mnaoutafuta?

#33 Karani wa Boma
Ningependa halmashauri iweke kabati moja la kioo pale bomani, kijana alipwe kwa kuileta. Boma lenyewe lina kuta za Mjerumani na watu wanaingia kufuata leseni bila kujua wamegusa nini.

#34 Mtu wa Makambako
Nimerudi. Kutoka Tukuyu kwenda Matema ziwani lazima nizunguke Kyela?

#35 Dereva wa Usiku
Karibu mkuu bila kinyongo. Kuna njia mbili. Ya watu wengi ni kushuka Kyela halafu Ipinda, Matema. Ya pili inatoka Tukuyu inapita Masoko inatokea Ipinda, fupi na nzuri kwa macho, unaona ndizi zinaisha kakao inaanza halafu mpunga, lakini kama imenyesha usiku uliza kwanza wenye bodaboda. Panga ufike Jumamosi, wanawake wa Kikisi wanaleta vyungu soko la Lyulilo kwa mitumbwi kutoka Ikombe.

#36 Mama Hass
Na ukipita Masoko salimia watu. Mugonile. Usipite kimya na vioo vimefungwa.

#37 Mtu wa Makambako
Ndaga. Na mlima Kyejo je, kuna aliyepanda? Naona wote mnataja Rungwe tu.

#38 JiweLaMoto
Kyejo ni mfupi kuliko Rungwe ila ndo uliowaka karibuni zaidi, kama miaka mia mbili iliyopita, wazee wana masimulizi yake. Panda na mtu wa kijiji na msiingie kwenye mabonde madogo yasiyo na upepo. Ukanda ule unatoa gesi ya kaboni dayoksaidi, pale Ikama kuna kiwanda kinaivuna kabisa inakwenda kwenye soda. Gesi ni nzito inakaa chini, haina harufu. Ukiona ndege au panzi wamekufa kwenye shimo bila jeraha, toka hapo haraka na usiiname kupiga picha.